Isale Hukauka kwa Saa Ngapi

Duka langu ni meza mbili na mashine ya fotokopi
nyuma ya stendi ya Moshi. Watu huja na vyeti,
na wosia unaotaka nakala tatu.
Jumanne alikuja Mzee Ndesario wa Mbokomu,
kofia mkononi, na kitu kirefu
kilichofungwa kwa gazeti la wiki jana.

"Nitazamie," akasema, "toka hapa mpaka Edmonton
ni mbali kiasi gani."

Mtandao ukazunguka, ukajibu:
kilomita elfu kumi na tatu na mia nane,
kama angekuwepo ndege wa kwenda moja kwa moja,
asiyetua, asiyeona njaa.
Hayupo. Kuna KIA hadi Addis,
Addis hadi Toronto, usiku mrefu juu ya bahari,
kisha Toronto hadi huko, saa nne nyingine.
Jumla, pamoja na kungoja kwenye viti vya chuma,
saa thelathini na moja.

Alikuwa mpima kahawa kiwandani miaka ishirini na sita,
tarakimu hazimtishi. Alizirudia taratibu
kama anayesubiri mshale wa mizani utulie:
"Siku moja, na robo, na saa moja juu."

Kisha akafungua gazeti.
Kitawi cha isale, kibichi, kina umande wa mlimani.
"Na hili, hukauka kwa saa ngapi?"

Mimi ni Mpare, lakini nimekaa Moshi vya kutosha.
Najua isale halibebwi kwa utani.
Aliyekukosea akikuletea, unapokea,
hata kama moyo bado unachemka.

"Ni Eliringia," akasema. "Aling'oa mibuni kumi na minane
apande nyanya. Nikamwambia neno."
Neno lenyewe hakulitaja.
"Miaka kumi na moja sasa."
Akakunja gazeti, akalikunjua.
"Nyanya zilizaa vizuri."

Nikamweleza habari za forodha: huko hawapokei
jani bichi, wala mbegu,
wala udongo kwenye soli ya kiatu.
Akatazama viatu vyake.

Tukafanya kilichowezekana. Nikalilaza isale juu ya kioo,
mwanga mweupe ukapita chini yake
polepole, toka shina hadi ncha,
kama mtu anayesoma kwa kidole.
Namba alikuwa nayo, nyuma ya risiti ya mbolea.
Nikatuma.
"Limefika?"
"Limefika."
"Hata halijachoka," akasema, bila kucheka.

Kwetu saa nne asubuhi. Kwake saa sita usiku,
Jumanne ileile ndiyo kwanza inazaliwa.
Nilimwona amelala, simu kifudifudi,
nje theluji hadi mlangoni,
ingawa sijui theluji ya mlangoni inakuwaje.
Yetu iko juu kule, tunaitazama tu.

Mzee aliketi kwenye kiti cha wateja mpaka saa saba.
Watu watatu walipiga picha za pasipoti mbele yake,
wote wakaambiwa wasitabasamu.
Aliposimama, aliliacha isale mezani.
"Likae kwako. Akijibu, atajibu hapa."

Nikalitia kwenye chupa ya soda, maji nusu,
kando ya stepla.

Leo ni wiki ya tano.
Tiki mbili ziligeuka buluu Jumatano ile, alfajiri.
Jibu hakuna. Kuna wakati, juu ya jina lake,
huandikwa kwamba anaandika,
kisha panafutika.
Hilo sijamwambia mzee. Sijui lina urefu gani.

Hupita siku za soko, husimama mlangoni, haulizi.
Mimi huinua chupa nikaielekeza kwenye mwanga:
mizizi miwili, myeupe, imeshuka majini.

Huisogelea, hufumba jicho moja.
"Sentimita tatu," husema,
huvaa kofia yake, hupanda mlima.